Smuthi Imegoma? Fungua Friza Kabla ya Kuilaumu Blenda

Kwenye shughuli zetu nyama haibaki. Pilau likibaki ni ukoko, nao watoto wanaugombania. Kinachobaki kila mara ni masinia ya matunda: tikitimaji, papai, nanasi, ndizi zilizoanza madoa. Hapa Kisasa, Dodoma, mimi ndiye ninayepigiwa simu ya "njoo uchukue haya", kwa sababu wanajua nina friza na sina haya.

Nimemwaga smuthi nyingi kabla ya kuelewa jambo moja, na nitalirudia hapa hadi unichoke: makosa mengi unayoyaona kwenye glasi hayakufanyika kwenye blenda. Yalifanyika usiku ule ulipotoka shughulini umechoka, ukayasukumia matunda kwenye friza yalivyo, ukaenda kulala. Kwa hiyo kila dalili hapa chini nitaifuata hadi huko, inapowezekana.

Visu vinazunguka, matunda yametulia

Unawasha, blenda inanguruma, chini kuna kisima kidogo kinachozunguka, na juu matunda yamekaa kimya kama wajumbe kwenye kikao kirefu. Sisi wa Dodoma picha hiyo hatuhitaji kuelezwa.

Tatizo ni hewa. Visu vimesaga vipande vilivyo jirani, vikatengeneza uwazi, na sasa vinazunguka humo bila kugusa kitu. Ukiongeza spidi unaupanua huo uwazi tu. Zima, chomoa waya, ingiza mwiko ukoroge hadi chini, ongeza vijiko vitatu vinne vya maji au maziwa, kisha washa kwa kugusagusa: sekunde mbili, acha, sekunde mbili, acha. Utaona juu pameanza kutitia kama mchanga. Hapo sasa iache izunguke.

Mara nyingine badili mpangilio. Kimiminika kianze. Kifuate kitu laini, kama mtindi, parachichi au ndizi ambayo haijaganda. Yaliyoganda yakae juu kabisa ili uzito wake uyasukume yenyewe kuelekea kwenye visu. Wengi tunafanya kinyume chake: tunajaza barafu chini, tunamalizia na maziwa juu, halafu tunashangaa. Kipimo changu ni vikombe viwili vya matunda yaliyoganda kwa kikombe kimoja cha kimiminika. Ukitaka ya kula kwa kijiko, punguza kimiminika, lakini uwe tayari kuzima na kukoroga mara tatu.

Ila kama vipande vyenyewe ni vikubwa kama ngumi, hakuna mpangilio utakaokuokoa. Kata kabla ya kugandisha, vipande vya sentimita 2 hivi, yaani kama nusu ya kiberiti. Nanasi toa ule moyo wa katikati. Ndizi menya kwanza! Ndizi iliyoganda na ganda lake hugeuka nyeusi na kuwa kama fimbo, na kuimenya ni kuumiza kucha bure. Kama umeshafanya kosa hilo, ipitishe kwenye maji ya bomba kidogo, kisha chana ganda kwa kisu kama unavyomenya muhogo.

Harufu ya kuungua, au maji yanavuja chini

Blenda nyingi tunazonunua ni za wati 300 hadi 500. Ni za juisi, hazikutengenezwa kuponda mawe. Zikifanyishwa kazi ya kuponda, mota inapata moto. Dakika moja ya kuzungusha, dakika moja na zaidi ya kupumzika, na kama umesikia harufu, zima na uiache ipoe kabisa kabla ya kuigusa tena. Baadhi zina swichi ya usalama inayojikata yenyewe zikichemka, kwa hiyo iliyozimika ghafla si lazima iwe imekufa. Jioni umeme ukiwa mdogo, ukaona hata taa zimefifia, usisage kabisa. Mota inahangaika, inachemka haraka kuliko kawaida.

Kuna siku yangu ilinguruma vizuri tu lakini visu havikuzunguka. Nikabeba mashine nzima hadi kwa fundi, nikiwa nimeshajiandaa kisaikolojia kununua nyingine. Fundi hakufungua hata skrubu moja. Alinionyesha kile kigurudumu cha mpira chenye meno kinachokaa juu ya mota: meno yote yamelika, yamekuwa laini kama kifutio. "Mama, unasaga barafu wewe," akasema, bila hata kuuliza. Akabadilisha pale pale. Kikilika, jagi haliwezi kupokea nguvu ya mota, basi.

Maji yakivuja chini ya jagi, sababu ni ule mpira wa duara unaokaa chini ya visu. Umekauka, umepasuka, au jana mwoshaji aliurudisha juu chini. Angalia hilo la mwisho kwanza.

Matunda yameganda bonge moja kama tofali

Hapa ndipo mahali penyewe. Ukitia vipande vibichi kwenye kopo vikiwa vimerundikana, maji yake yanaunganisha kila kitu na kupata tofali. Panga vipande kwenye sinia au sahani bapa, visigusane, viache vigande kwa saa mbili tatu hadi viwe vigumu, kisha ndipo uvimimine kwenye kopo lenye mfuniko. Vitabaki vimeachana, utachota kikombe unachotaka. Mimi natumia makopo ya aiskrimu. Mifuko ya kubebea ya plastiki yenyewe ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019. Yafute maji matunda baada ya kuosha, na kopo lijae vizuri kisibaki chumba cha hewa humo ndani.

Kama ulipanga vizuri na bado yamekuwa tofali, jibu lingine ni umeme. Ulikatika ukiwa kazini, matunda yakayeyuka kidogo, ukarudi, yakaganda upya yakiwa yameshikana. Ndiyo maana watu wengine huweka kikombe chenye maji yaliyoganda kwenye friza na sarafu juu yake. Ukiikuta sarafu imezama katikati au chini ya barafu, ujue barafu iliyeyuka kwa muda mrefu na wewe hukuona. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa na baridi muda mrefu, hata siku mbili, na iliyojaa nusu ni kama siku moja. Kile kichumba cha barafu cha friji ya mlango mmoja hakifiki huko hata kidogo. Matunda yakiwa bado na chembe za barafu ndani yake, rudisha yagande, ladha itapungua tu. Yakiwa yameshakuwa vuguvugu na yana povu, usiyarudishe.

Tofali ulilonalo leo lifunge kwenye kitambaa safi, libamize sakafuni mara mbili. Jirani wa chini akiuliza, mwambie unapika.

Imekuwa maji, au imejitenga: povu juu, maji chini

Kuganda kunapasua kuta za chembechembe za tunda. Barafu ni kubwa kuliko maji yaliyoitengeneza, kwa hiyo inachana ilimokaa, na tunda likiyeyuka linatoa maji yake yote. Kwa hiyo usiyayeyushe matunda kabla ya kusaga. Toa friza, tia kwenye blenda, saga. Wanaoyaacha mezani nusu saa "yalainike" wanakunywa juisi.

Tikitimaji ni zaidi ya asilimia 90 maji, na peke yake halitakupa smuthi hata ulipigie magoti. Mimi nimeacha kuligombeza, nalitumia kama barafu: vipande vya tikitimaji vilivyoganda vinapoza bila kuzimua ladha, wakati barafu ya maji inakupa utamu mwanzoni na maji matupu mwishoni. Kwa uzito, tafuta ndizi, parachichi au embe. Na kwa sisi wa huku kuna unga wa ubuyu. Kijiko kimoja cha chakula kwenye jagi la nusu lita kinashika vizuri sana, kwa kuwa ubuyu una pektini, ile inayogandisha jamu. Uukoroge kwanza na maji kidogo kwenye kikombe. Ukiumwaga mkavu juu ya vitu vya baridi unapata mabonge meupe ambayo mtoto atayatoa moja moja na kuyapanga mezani.

Kujitenga baada ya dakika kumi si ugonjwa. Ni nyuzi na hewa zinapanda, maji yanashuka. Mapera na nanasi ndiyo mabingwa wa povu. Saga kwa muda mfupi, kunywa mara moja, au koroga tena.

Ni chungu

Hii ilinitesa kuliko zote. Smuthi ya papai na maziwa, tamu kabisa saa moja asubuhi. Nikaweka kwenye chupa, nikaenda nayo hadi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Saa nne nafungua: chungu, na imekatika katika kama maziwa yaliyoharibika. Nikamlaumu muuza maziwa wa watu, na hakuwa na kosa.

Papai lina kimeng'enya kinachokatakata protini. Mama zetu walilijua bila maabara: nyama ya ng'ombe mzee inapakwa papai bichi ili ilainike. Papai bivu linacho kidogo kuliko bichi, lakini kazi inaendelea ile ile, na kwenye chupa halina nyama, lina maziwa. Protini ya maziwa ikikatwa vipande vidogo hutoa uchungu. Nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya cha ukoo huo huo. Na usidhani friza inakiua, inakilaza tu. Kikipata joto kidogo kinaamka na kuendelea na kazi.

Basi chagua. Papai au nanasi na maziwa, kunywa hapo hapo, usiweke hata saa moja. Ukitaka kubeba, tumia maji, juisi ya chungwa au tui la nazi badala ya maziwa. Ukitaka lazima maziwa na lazima kubeba, chemsha vipande vya nanasi dakika chache, vipoe, ndipo uvigandishe. Moto ndio unaomaliza kimeng'enya. Ladha inakuwa kidogo ya jamu. Mimi siipendi, wifi yangu anaisifia.

Maziwa yakikatika papo hapo, hiyo ni asidi: pasheni, ukwaju, ndimu, ubuyu. Tumia mtindi. Ulishaganda, hauna tena cha kuganda.

Uchungu mwingine ni wa uvivu: mbegu za papai zilizobaki, kokwa za chungwa, lile ganda jeupe chini ya ganda la chungwa. Vyote vitoe siku ya kugandisha, maana vikishashikana na barafu hutavibandua.

Zabibu zetu zinakwaruza na kukausha ulimi

Zabibu zinavunwa huku mara mbili kwa mwaka, na msimu ukiwaka, mafungu ya mwisho ya jioni yanauzwa kwa bei ya kukuonea huruma. Nyingi ni za mvinyo, kama ile nyekundu ya Makutupora: ndogo, ganda gumu, mbegu kibao. Mapishi ya kwenye mitandao yanakwambia "tia zabibu kikombe kimoja", lakini aliyeyaandika ana zabibu zisizo na mbegu. Ukitia za kwetu nzima nzima, visu vinapasua mbegu, na ndani yake kuna kile kinachokausha mdomo kama chai iliyolala kwenye birika. Sukari haiifuti ladha hiyo. Nimejaribu, nikapata kitu kichungu chenye sukari.

Hapa friza inakufanyia kazi. Chambua zabibu kutoka kwenye vikonyo, osha, kausha, gandisha nzima hadi zigonge kama gololi. Siku ya pili zitoe, ziache ziyeyuke kwenye chujio juu ya bakuli. Zimeshapasuka ndani, kwa hiyo ukiziponda kwa mwiko zinaachia nyama na maji kirahisi, na mbegu na maganda vinabaki juu ya chujio. Usizisage. Kile ulichokipata, rangi ya vazi la askofu, kimimine kwenye vibao vya barafu kigande tena. Vipande vinne vya hicho, ndizi moja iliyoganda, nusu kikombe cha mtindi. Ukiwa na mgeni kutoka Dar, mpe hiyo.

Pasheni ni hivyo hivyo, chuja kabla. Na embe zenye nyuzi, zile ndogo tamu zinazokaa kwenye meno, kamua na uchuje kwanza, ugandishe uji wake. Nyuzi zinajisokota kwenye visu hadi uzikate kwa kisu kama nywele kwenye kitana.

Ina ladha ya chumvi, au ya samaki

Chumvi: angalia maji. Baadhi ya visima vya mji huu vina maji yenye chumvi, na kwenye chai umeshaizoea, lakini kwenye kitu cha baridi cha matunda inajitokeza. Tumia maji ya kunywa ya dukani, au acha maji kabisa utumie tikitimaji.

Samaki: angalia jirani wa matunda humo friza. Nilikuwa na sangara kutoka Mwanza kwenye rafu ya juu, ndizi zikiwa kwenye sahani isiyofunikwa rafu ya chini. Ndizi zilichukua harufu ndani ya siku tatu. Mfuniko unaobana, na uandike tarehe. Matunda yaliyoganda kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hukaa miezi mingi salama, ila kwa friza yangu na umeme wetu najipa miezi mitatu.

Rangi ya kahawia

Ndizi, parachichi na tufaha hukutana na hewa, hubadilika. Si sumu. Nyunyizia ndimu kabla ya kugandisha, funika vizuri, basi.

Haina utamu

Ulimi uliopozwa hausikii sukari vizuri. Onja mchanganyiko kabla ya kutia yaliyoganda: ukiwa mtamu kupita kidogo, ukipoa utakuwa sawa. Lakini mara nyingi tunda lilikuwa halijaiva ulipoligandisha, na friza haiivishi. Embe gumu linatoka gumu. Liache ndani ya ndoo ya mchele liive kwanza. Sokoni Majengo huwa naomba yaliyolegea makusudi, na muuzaji ananiuzia kwa furaha maana kesho angeyatupa. Tende mbili tatu zilizolowekwa zinasaidia, au asali ya Singida, au chumvi kwa ncha ya kidole. Ndiyo, chumvi.

Tumbo linauma

Dalili hii usiifanyie majaribio. Kuganda hakuui vijidudu, kunavisimamisha tu. Tunda lililokatwa na kukaa mezani zaidi ya saa mbili kwenye joto la Oktoba lilishaharibika kabla hujaligandisha, na barafu ya maji yasiyochemshwa ina kile kile kilichokuwa kwenye maji. Tunda laini lenye ukungu usilikate upande mmoja ukaokoa mwingine, ukungu unapenya ndani kuliko unavyoonekana, tupa lote. Tunda lenye doa jeusi la kuiva au lililobonyea tu halina neno. Lenye harufu ya pombe na linalotoa povu, hapana.

Karanga nazo. Wengi tunatia kijiko cha karanga ili ishibishe. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu, iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga zinapata kuvu huyo huyo. Zilizosinyaa, zenye rangi ya ajabu au uchungu, hazifai hata kwa kukaanga.

Kwa hiyo siku hizi simu ya "njoo uchukue" ikilia, swali langu la kwanza ni: yalikatwa saa ngapi? Wifi yangu ananiona najidai. Wiki iliyopita alinipigia kutoka kwenye shughuli ya Nkuhungu, kuna masinia manne, tikitimaji na papai.

"Yalikatwa saa ngapi, wifi?"

"Mchana. Saa sita hivi."

Nikatazama saa ukutani: saa kumi na mbili kasoro robo. Nikamuuliza kama pale pana mbuzi.